Kichwa Huku

Mti una kiu kuliko ng'ombe wa kiangazi.
Ntahondi hakuniamini.
Kaka yangu alikuwa mtu wa kisu:
akikaa uani kwetu Gungu, vipande viwili vya msufi gotini,
vumbi jeupe likimwota kwenye nyusi,
kabla ugali wa muhogo haujasongwa
kuna samaki amelala kwenye kiganja chake,
risasi tumboni, mapezi, hata kiburi.

Wa kwanza alimpaka mawese.
Mawese! Kama anamkaanga.
Rangi ikateleza, na siku ya tatu wavuvi wa Katonga
wakamrudisha amevimba, tumbo limeachana.
Wa pili akamchovya kwenye nta ya nyuki.
Alinukia vizuri. Jua la saa saba
likamvua nguo mbele za watu, pale mwaloni.

Nikasema, nipe mimi.
Kazi yangu ni kucha. Saluni yangu ni viti viwili
na kioo chenye ufa, nyuma ya soko la Mwanga,
lakini kuhusu rangi najua jambo moja:
haishiki juu ya haraka.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi,
vanishi izimuliwe kwa tina hadi iwe chai ya mgonjwa,
maana huo si wa kung'aa, huo ni wa kunywewa.
Ngoja.
Msasa laini, kama unamfuta machozi
mtoto asiyetaka kuguswa.
Mkono wa pili. Ngoja tena. Mning'inize kwa kibanio cha nguo,
leo kichwa chini, kesho mkia,
vanishi isije ikajikusanya puani ikawa kamasi.
Ndipo fedha ya mgebuka, ndipo mgongo wa buluu nzito,
ndipo jicho, kwa njiti ya kiberiti
na wekundu uliobaki kwenye chupa ya bibi harusi fulani.

Na matundu. Hapo ndipo tuligombana.
Yeye hutoboa, hukaza pete ya ndoana, kamaliza.
Nikamwambia, Ntahondi, maji hayaingii ubavuni,
maji huingia kwenye tundu ulilotoboa mwenyewe.
Akasema nimeanza kuhubiri.
Nikajaza gundi kila tundu kwa bomba la sindano
kabla ya skrubu, yeye akitazama pembeni, akipiga mluzi.

Tuliuza kumi na tisa.
Kisha akavuka kwenda Kalemie na begi la kuazima,
na simu yake, mwaka wa pili huu,
inajibu kwa sauti ya mwanamke kwamba haipatikani.

Jana Sadoki wa Kibirizi ameingia saluni
nimeshika mkono wa mteja kwenye beseni.
Kaweka mezani kitu ndani ya nailoni.
"Kimetoka taya la sangara, kilo kumi na nne.
Si ni cha kwenu?"
Rangi imeliwa. Jicho halipo. Ndoana ni kutu tupu,
na mgongoni meno yamepita kama msumeno butu.

Anayeziba hajui kama ameziba
mpaka apasue.
Nikachukua kisu cha mkate, nikafuata ule mshono,
nikagonga mara moja kwa kisigino cha kiatu.

Pakavu.
Pakavu kama ndani ya debe la unga.
Na penseli, mwandiko ule unaoegemea kushoto
kama mtu anayesikiliza mlangoni:
KICHWA HUKU,
na mshale.

"Dada," mteja akasema, "hii ya kidole gumba umeiruka."

Usiku nimevirudisha vipande, gundi katikati,
nimevifunga kwa mpira wa baiskeli mpaka asubuhi.
Mshale nimeuacha humo humo.
Tina imekwisha. Kesho nitamtuma mtoto dukani,
chupa ndogo tu,
ya mkono wa kwanza.